Mwanangu Amepewa Ng'ombe Aliyekonda

Jumatatu, 6 Januari 1913

Neno kubwa leo! Mwalimu Thomasi amenichagua. Mimi! Siku ya kuzaliwa Kaisari, mfalme wa hawa Wadachi wanaotutawala, watoto wa shule watacheza mchezo mbele ya watu. Mwalimu kautunga mwenyewe, kauita Shibe na Njaa. Bwana Shibe ni tajiri. Anakula vyote wakati wa neema, anachinja mbuzi anamla peke yake, haweki hata punje ya kesho. Kisha anakuja Njaa na ng'ombe waliokonda, wanasimama uani kwake, wanamwomba majani, naye hana. Basi. Watu wanapata fundisho, wanarudi makwao.

Kazi yangu ni mavazi ya ng'ombe. Na kuwaita watu. Mwalimu kasema kuita kanipa kwa ajili ya sauti yangu, maana nikiita kuku wangu, watu wa Kikwe, mbali kule, wanatoka na mikuki. Nimepokea kama sifa.

Jirani yangu Tabea kapewa vazi la Bwana Shibe. Vazi moja tu! Mimi ng'ombe wote. Sisemi kitu. Naandika tu.

Lakini moyo wangu hautulii. Mume wangu Sumari, Baba Elinaza, kasema sikukuu ikipita binti yetu Elinaza aache shule. Jua hili limekausha kila kitu, majani ya ng'ombe hayapatikani mpaka uteremke mtoni Nduruma, naye anataka mikono ya kukata na mgongo wa kubeba. Nimelia. Nimempikia loshoro, mahindi ya kupondwa, na maziwa mgando juu. Kala loshoro yote, neno lake likabaki palepale. Anasema miaka yote hii shule haijamfundisha mtoto jambo hata moja la ng'ombe.

Na shuleni kwenyewe hakanyagi. Tangu ng'ombe wake waingie bustani ya kabichi na Mwalimu akawatoa kwa fimbo. Kwa fimbo! Ng'ombe wa Sumari! Afadhali Mwalimu angenichapa mimi, yangeisha siku hiyohiyo.

Mpango wangu: Sumari aje kwenye mchezo. Amwone binti yake akisema maneno mazuri mbele ya wazee. Moyo ulainike. Elinaza abaki shule. Rahisi kama kumenya ndizi.

Daftari hili Bibi wa misheni alinipa niandike nyimbo za kanisani. Nimeandika wimbo mmoja. Mungu ataelewa.

Jumatano, 8 Januari

Aibu! Aibu mbele ya kila mtu!

Leo Mwalimu kagawa watoto. Mika ni Bwana Shibe. Kaanaeli wa Tabea ni ng'ombe aliyenona. Elinaza wangu? Ng'ombe aliyekonda! Mkondefu kuliko wote, yule wa mbele! Na hana neno la kusema ila kulia kama ng'ombe, mara moja, mwishoni.

Nimemfuata Mwalimu. Nimemwambia kwa heshima, Mwalimu, huyu mtoto anakula, njoo nyumbani uone sufuria. Kasema Mama Elinaza, ni mchezo tu. Nimemwambia watu hawataona mchezo, wataona mtoto wa Sumari amekonda, na watauliza mama yake anapika nini. Kasema basi.

Tabea kanisubiri njiani makusudi. Kasema nisihuzunike, dada, kila mtoto kapewa kufuatana na mwili wake. Nikamwuliza na Kaanaeli kapewa kufuatana na mwili wa nani, wa mama yake? Kacheka. Nami nikacheka. Tumeachana kama Wakristo.

Elinaza mwenyewe hajali. Anajua maneno ya watu wote, ya Shibe, ya Njaa, hata ya mbuzi ambaye hana maneno. Anayasema huku akifagia. Nimemwuliza hasikii uchungu kuwa mkondefu? Kasema Mama, yule wa mbele ndiye anayetazamwa.

Mtoto hajui dunia.

Nimekata shauri. Vazi nashona mimi. Nani kasema ng'ombe aliyekonda lazima awe mwembamba?

Ijumaa, 10 Januari

Kazi ya kuita watu imeanza, na kwa akili! Kupiga kelele kila mtu anaweza. Mimi nimetaka karatasi, kama za boma la Arusha. Mwalimu kanipa chache. Elinaza kaandika kwa mwandiko mzuri: Njooni wote shuleni, siku ya Kaisari. Chini yake kachora ng'ombe, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Wazuri! Unataka kuwakamua.

Lakini karatasi tupu haina heshima. Nimechukua kiazi kitamu, nikakata, nikachonga muhuri. Nilitaka yule ndege wa Wadachi mwenye mabawa. Katoka kama kuku anayetotoa. Si neno. Nimechanganya masizi na mafuta ya mbarika, nikagonga kila karatasi. Pa! Pa! Pa! Nimejisikia kama Bwana Shauri wa boma mwenyewe.

Nimezitundika kwenye njia ya sokoni, kwenye kivuko cha Nduruma, na pale mfereji unapogawanyika, ambapo wanaume hukaa kugombania maji. Hakuna atakayesema hakuona.

Jumapili, 12 Januari

Wameona.

Jana alfajiri Sumari kaniamsha. Kasema Wadachi wamebandika karatasi. Yeye hajui kusoma, wala wenzake, lakini muhuri wanaujua, na ng'ombe waliochorwa wamewaona kwa macho yao. Mnene mmoja, mwembamba mmoja. Maana yake iko wazi, kasema: ng'ombe watahesabiwa, na wanono watachukuliwa. Kafungua zizi. Kaswaga ng'ombe wote juu, msituni kwenye mlima. Wanaume wote wa upande huu wamefanya vilevile. Kaniambia nikiulizwa niseme amekufa.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikaufunga. Alikuwa na mkuki mkononi.

Kanisani leo wanawake watupu. Bwana Misheni kahubiri juu ya kondoo waliopotea, akashangaa kwa nini tunatazamana.

Jumanne, 14 Januari

Mwalimu Thomasi kafuata karatasi moja hadi kivukoni. Kautazama muhuri. Kanitazama mimi. Kasema ameomba watu waje, sasa hata waliokuwako wamekimbia. Kanituma nizibandue zote. Nimebandua. Moja ililiwa na ng'ombe aliyechelewa kwenda msituni.

Tabea kanipa jina jipya. Mama Muhuri. Limefika sokoni kabla yangu. Mchuuzi wa chumvi kaniuliza, Mama Muhuri, chumvi hii umeiruhusu?

Jambo baya kuliko yote: Sumari yuko msituni, Elinaza yuko shuleni, na mimi nilitaka wakutane! Lazima ashuke. Ni kitu gani kinaweza kumshusha mwanamume wa Kimeru kutoka msituni? Mke? Hapana. Mvua? Hapana.

Nimefikiri njia nzima. Nimefika nyumbani, nimemwona beberu wangu pembeni ya moto, anatafuna ganda la ndizi, mnene kama pipa. Huyu namnenepesha kwa siku ya kipaimara ya Elinaza. Nikamtazama. Akanitazama.

Nyama!

Katika mchezo, Bwana Shibe anachinja mbuzi. Ni kweli. Mbuzi mwenyewe ni kigoda kilichofunikwa ngozi, lakini ni mbuzi. Sasa hivi Nosim kapita na vibuyu vyake vya maziwa. Nosim ni Mwarusha, anatoka Sekei, anapita kila mji mpaka huku, na mdomo wake haujawahi kulala. Nimemwambia jambo moja tu. Kwamba siku ya Kaisari, shuleni, mbuzi atachinjwa.

Sikusema uongo. Kigoda sikukitaja, hakuniuliza.

Alhamisi, 16 Januari

Sumari kashuka! Na ng'ombe wote! Na wanaume wote!

Kanikuta nasafisha maharage. Kauliza ni kweli habari ya mbuzi. Nikasema nimesikia hivyo. Kauliza nani atagawa nyama. Nikasema sijui, mambo ya wanaume. Kasema sharti agawe mtu anayejua, maana safari iliyopita kidari chake kilipewa kijana, na kidari ni cha wazee wa rika lake. Atakwenda. Lakini kidari tu! Atakaa na mgongo kwa Mwalimu.

Hata mgongo una masikio.

Nikamwuliza juu ya Elinaza. Kasema neno lake ni lile, sikukuu ikipita, mundu na kamba.

Baadaye napita njiani, mzee mmoja kaniuliza kama mbuzi ni mmoja au wawili. Jioni mwingine kaniambia kasikia ni wanne. Shikamoo zangu zote leo zimejibiwa kwa furaha nyingi mno. Nimeanza kuogopa kidogo. Nimekunywa maji.

Jumamosi, 18 Januari

Mavazi. Kila mama kaleta ngozi kwa ng'ombe wake. Tabea kaleta ngozi nyeusi inayong'aa, kaipaka samli. Mimi sina. Za kwangu ni za mbuzi, na mwanangu hatakuwa ng'ombe wa viraka mbele ya Tabea.

Ngozi iko. Iko moja. Naandika polepole.

Juu ya dari, imekunjwa, ngozi ya Ngiro. Ngiro alikuwa fahali wa Sumari. Mwaka ule wa maradhi ya ng'ombe, walipokufa wote, mlima mzima unanuka, yeye peke yake alibaki amesimama. Sumari alikuwa kijana. Alimlisha kwa mkono, magamba ya migomba, majani aliyopanda miti kuyatafuta. Ng'ombe wote tulio nao leo ni damu ya Ngiro. Alipokufa kwa uzee Sumari hakula siku nzima. Rangi ya majivu, na begani baka jeupe mfano wa jembe. Hailaliwi. Haikaliwi. Inateremshwa akija mgeni mkubwa, inatazamwa, inarudishwa.

Naiazima tu. Sumari huitazama labda mara moja kwa mwaka.

Nimeishusha. Nzuri! Elinaza kaivaa, ikamteleza. Haikai bila tundu la shingo.

Tundu dogo tu.

Nimekata.

Jumatano, 22 Januari

Tundu la kwanza lilikuwa dogo, kichwa hakikupita. Nimeongeza. Likawa kubwa, nimeshona kidogo. Sasa kama hujui hutajua. Kama unajua, utajua.

Tumejaribu mavazi shuleni. Nimemjaza Elinaza majani makavu ya migomba, ubavuni, tumboni, na mgongoni zaidi. Ah! Ng'ombe! Kaanaeli kasimama kando yake kama ndama. Tabea uso umemshuka. Mwalimu kasema Mama Elinaza, huyu ndiye aliyekonda? Nikamwambia Mwalimu, huyu amevimba kwa njaa.

Elinaza kalalamika kwamba akitembea analia kama moto unaoshika nyasi. Kweli, sauti ya majani makavu ni kubwa. Siku yenyewe nitaweka mabichi. Majani ya viazi vitamu ni laini, hayana kelele.

Naona nina kipaji.

Ijumaa, 24 Januari

Mungu wangu! Kaja Lerionka, rafiki wa Sumari, Mwarusha mwenye ng'ombe wengi. Wamekaa, wamekunywa pombe ya ndizi, wamesifu ng'ombe wa kila mmoja mpaka sifa zikaisha. Sumari akaniita. Mama Elinaza, teremsha Ngiro, Lerionka amsalimu.

Nikasema ngozi nimeitoa, papasi wameingia darini, naifukiza moshi kwa jirani. Sumari kamgeukia Lerionka, kasema unaona mke huyu? Anamtunza Ngiro kuliko mimi.

Kanisifu! Mbele ya mgeni! Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia kwenye migomba. Kisha nikarudi nikawaongezea pombe.

Sasa naona vizuri: Sumari akija shuleni ataiona ngozi. Nilimshusha msituni mimi mwenyewe ili aje kuiona. Nimeona leo tu! Kwa nini akili hunijia kama mgeni, chakula kikiwa kimekwisha?

Dawa ipo. Nitapaka masizi juu ya lile baka jeupe.

Jumatatu, 27 Januari. Siku ya Kaisari

Andika, mama, andika kabla hujasahau.

Asubuhi nimepaka masizi. Nimejaza majani ya viazi vitamu, teketeke, hayalii hata kidogo. Tumekwenda.

Watu! Sijapata kuona watu kama wale. Wazee kutoka Kikwe, kutoka ng'ambo ya Nduruma, Waarusha na Lerionka mbele yao. Kila mzee na kisu kiunoni na jani la mgomba kwapani, la kufungia nyama. Wamekaa kwa rika, kama kwenye kugawa. Bwana Misheni kafurahi mpaka macho yakalowa. Kamwambia Mwalimu hakujua kwamba watu hawa wana kiu ya elimu namna hii.

Mzee mmoja kaja kuniuliza taratibu, binti yangu, mbuzi wako wapi. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikakimbia nyumbani, ni karibu, nikamfungua beberu wangu, nikamleta, nikamfunga kwenye ua wa shule, mahali pa kuonekana. Wamwone tu. Kuona si kula. Nikasikia wazee nyuma yangu wanasema mmoja tu? Na wengine wanasema subirini, ndio kwanza wanaanza.

Kamba ilikuwa ya mgomba. Sikufikiri.

Mchezo umeanza. Mika kavaa vazi la Tabea, kanga nyekundu na shanga za nusu ya kijiji. Nasema kweli, lilipendeza. Kidogo. Ng'ombe wanono wamepita, Kaanaeli kalia vizuri. Mika kachinja kigoda. Wazee wakageukiana. Mmoja kasema kwa sauti, kile ni kigoda. Lerionka kasema labda ni desturi ya Wadachi, wanaanza na kigoda.

Sumari alikaa na mgongo kwa Mwalimu kama alivyoapa. Kwa hiyo na mgongo kwa mchezo. Nilikuwa naomba Mungu, ageuke, asigeuke, ageuke, asigeuke. Mungu atakuwa alichoka.

Kisha Njaa kaingia, na ng'ombe wake wanafuata kupitia mlango wa darasa. Elinaza mbele. Mlango mwembamba. Mwanangu mnene.

Kakwama.

Wakondefu wa nyuma wakamsukuma, akatoka kwa kishindo, ubavu mmoja ukapasuka, majani ya viazi yakaning'inia nje, mabichi, marefu. Masizi yote yakabaki kwenye mwimo wa mlango. Baka la jembe likatoka jeupe pe, kama mwezi.

Na beberu wangu akanusa majani ya viazi.

Kamba? Kamba gani! Kapita katikati ya wazee, pembe mbele, kafika kwa Elinaza, kaanza kumla ng'ombe aliyekonda mbele ya watu wote. Akivuta majani, ngozi inafuata. Krrr! Nikapiga yowe. Sauti yangu mnaijua. Mika akavua shanga akakimbia. Njaa akamfuata. Wazee wakainuka na visu. Wakasema huyo ndiye mbuzi, huyo ndiye!

Na Sumari akageuka.

Aliona baka. Nilimwona akiliona. Kasema neno moja. Ngiro. Hakupiga kelele, alisema tu, kama mtu anayemwona ndugu aliyepotea. Kisha karuka. Mtu wa umri ule! Kamkamata beberu pembe kwa mkono mmoja, ngozi kwa mkono wa pili, na ndani ya ngozi yumo Elinaza. Kasimama pale mbele, anahema, uani kwa Bwana Shibe.

Mimi nilikuwa nimekufa tayari, naangalia kutoka juu.

Elinaza katoa kichwa kwenye lile tundu. Katazama kigoda cha Mika, hakuna mtu. Katazama upande wa Njaa, hakuna mtu. Akamtazama baba yake. Na akasema maneno ya Njaa, yote, kwa sauti ya wazi, bila kukosea:

"Mwenye mji, ng'ombe waliokonda wamefika uani kwako. Mvua iliponyesha majani yalikufika magotini. Ya leo uliyaweka wapi?"

Sumari akafungua mdomo. Nilidhani atamchapa. Anatazama mtoto, anatazama ngozi. Wale wazee wote ni watu wa mwaka ule wa maradhi. Hakuna aliyeuliza habari ya mbuzi tena. Visu vilishuka.

Sumari kasema polepole, "Sikuweka."

Hayamo kwenye mchezo! Bwana Shibe alitakiwa kujigamba kwanza. Lakini Elinaza kaendelea, naye akayasema ambayo Mwalimu hakuyaandika. Kwamba shuleni wanafundishwa kukata majani baada ya masika, yakiwa mengi, kuyakausha juani, kuyarundika juu ya vichanja chini ya paa. Kwamba nyuma ya darasa liko rundo, ng'ombe wa misheni wanakula sasa hivi, jua kali hivi. Kwamba mtu akifanya hivyo hahitaji kumtuma mtoto mtoni Januari.

Sumari kamwuliza panya je. Kasema vichanja, Baba, juu. Kamwuliza yasipokauka vizuri? Kasema yataoza, lazima yageuzwe. Lerionka akauliza kutoka alikokaa, yanageuzwa mara ngapi? Mzee mwingine akauliza ng'ombe hawavimbi? Na mwanangu anajibu, kichwa kwenye tundu la Ngiro, majani ya viazi yanamtoka ubavuni, na wazee wanauliza kama barazani. Mwalimu kasimama pembeni, mikono kichwani, mchezo wake umekwisha, hakuna aliyejua umekwisha lini.

Mwisho Sumari kamgeukia Mwalimu. Uso kwa uso! Kamwuliza ni yeye aliyemfundisha mtoto haya? Mwalimu kasema ni yeye. Sumari kasema, basi zile kabichi, ng'ombe wangu walikosea.

Kisha kawaambia wazee wasirudi mikono mitupu, wameitwa kwa mbuzi, na mbuzi ni huyu hapa kwenye mkono wake.

Beberu wangu! Nikasema Baba Elinaza, huyo ni wa kipaimara. Sumari kasema wa kipaimara atatoka zizini kwangu, kwa mkono wangu. Yeye, ambaye kanisani haingii!

Kaigawa yeye mwenyewe ile nyama, mbele ya shule. Kidari akakata vipande viwili, kimoja akampa Mwalimu. Mimi nilipata utumbo. Tabea kapata utumbo mwingi kuliko wangu, lakini sitalisema hilo.

Jumanne, 28 Januari

Elinaza kaenda shule. Na vitabu. Bila mundu!

Juu ya ngozi Sumari hajanifokea. Nilingoja asubuhi nzima. Kaketi mlangoni, ngozi magotini, kidole ndani ya tundu. Nikasema naweza kulishona. Kasema usiguse tena, wewe mwanamke, kitu chochote. Kisha kapitisha kichwa chake. Kumbe linamtosha! Kulikuwa na baridi ya mlimani. Kaenda hivyohivyo mferejini, anawaonyesha watu baka la jembe. Kasema miaka yote Ngiro alikuwa amelala gizani darini.

Mwalimu kapita. Kanishukuru, nadhani. Kasema mambo yameishia vizuri, lakini Mama Elinaza, kwa jina la Mungu, siku nyingine fanya jambo lile tu unaloambiwa. Nimekubali. Nimeyaweka moyoni. Hakuna muhuri. Hakuna kuazima bila kuuliza. Hakuna kumdokeza Nosim jambo nusu.

Nimejifunza.

Jumapili, 9 Februari

Mwalimu katunga mchezo mwingine, wa Pasaka! Unaitwa Nyuki na Mtu Mvivu. Elinaza kachaguliwa nyuki mkuu, maneno mengi kuliko wote. Kaanaeli ni ua. Ua! Halisogei! Nimempa Tabea pole yangu yote.

Mavazi safari hii kapewa Tabea. Mimi nimeambiwa nikae, nitazame. Sawa. Ila nimeona mabawa anayoshona, ya kitambaa kizito cha amerikani. Nyuki gani huyo? Huyo atatambaa. Bawa linataka kitu chepesi, chenye kupitisha mwanga. Jana nilikuwa nafagia kwa Bibi wa misheni, nikaona chandarua chake juu ya kitanda. Kikubwa! Upande wa ukutani hakuna hata mbu. Akikosa kipande kidogo cha upande ule, atajuaje?

Na watu je? Pasaka watakuja? Nani atawaita? Nimemwambia Nosim tu, peke yake, na nimempima maneno. Kwamba katika mchezo imo asali. Nimesema imo. Sikusema inagawiwa.

Naacha kuandika. Kuna mtu anabisha hodi.

Ni mzee wa Kikwe. Kaja na kibuyu kitupu.